Maua ya Njano Mbele ya Ekaristi

Asifiwe Mungu, aliyeiotesha miti kila mmoja kwa namna yake, akaupa jani lake na ua lake, na hakuna mmoja aliyeusahau. Asifiwe pia kwa pumzi aliyoirudisha katika nyumba ya katekista wa Mazwi, hapa Sumbawanga, siku ambayo sisi tuliokuwamo tulidhani imekwisha. Mimi leo ni bibi, magoti yananisumbua asubuhi, na wajukuu huniuliza kwa nini sipiti karibu na uzio wa njano wa jirani yetu bila kuwashika mkono. Ninawaandikia wao, na yeyote atakayesoma, habari za kipupwe kimoja cha utoto wangu, nilipokuwa darasa la nne.

Harufu inayonirudisha huko ni ya ubani uliochanganyika na maua yaliyovunjwa. Haifanani na harufu ya maua yaliyo mtini. Ua likiwa mtini hunukia kwa upole, tena hewa ya Ufipa wakati wa kipupwe ni kavu na ya baridi kiasi kwamba pua haishiki kitu. Lakini maua yakishapukutishwa, yakajazwa kwenye kikapu na kubanwa na mkono wa mtoto unaotoka jasho la hofu, hutoa harufu nzito, mbichi, yenye uchungu kidogo. Siku ya Mwili na Damu ya Kristo harufu hiyo ilitembea nasi kutoka kanisani, ikapita sokoni, ikazunguka mitaa ya Mazwi, na kurudi kanisani. Padre alitembea nyuma yetu chini ya mwavuli wa kitambaa cheupe, amebeba Ekaristi kwa mikono iliyofunikwa, na sisi watoto wa maua tulitembea mbele yake kinyumenyume. Kazi yetu ilikuwa moja. Unachukua maua kidogo kikapuni, unayabusu, unayarusha njiani ili Bwana apite juu yake. Kubusu ndiko kulikokuwa heshima yenyewe. Mtoto aliyerusha bila kubusu alivutwa sikio baada ya Misa.

Nilikuwa mtoto mwoga. Niliogopa radi za masika, niliogopa upepo wa Juni uliopiga mabati usiku kama mtu anayetaka kuingia, na kuliko vyote niliogopa kukanyaga ua ambalo Ekaristi imepita juu yake. Baba hakuwahi kunifundisha hofu hiyo. Alikuwa katekista, mtu wa sauti ndogo na baiskeli kubwa, aliyeenda vigangoni hadi Kaoze na kurudi na vumbi kwenye nyusi, na dini yake ilikuwa ya shukrani tu. Hofu niliitunga mwenyewe.

Aliyetufundisha miti alikuwa Sista mmoja mnene, mcheshi, aliyesimamia sakristia na mapambo. Uwanja wa kanisa ulikuwa na miti ya maua iliyopandwa zamani na mapadre wa mwanzo, na kwa kuwa majina yake ya kitabuni yalitushinda, tuliipa majina ya sikukuu. Ule wenye maua ya zambarau yanayofunika ardhi mwezi wa Oktoba tuliuita mti wa Rozari. Ule wenye maua mekundu yaliyosimama kama brashi ya kuoshea chupa ulikuwa mti wa Pentekoste. Kibobakasi, mti mrefu wa maua ya rangi ya moto, kilikuwa tayari na jina lake, na tulikipenda kwa sababu vitumba vya maua yake vina maji ndani, ukikiminya kimoja unamlowesha mwenzako wakati wa Baba Yetu. Mbele ya dirisha la sakristia ndipo uliposimama mti wa tarumbeta, wenye maua ya njano yenye mdomo mpana, ambao ulichanua karibu mwaka mzima. Huo ulikuwa mti wetu hasa. Maua yake tuliyachomoa na kunyonya mwisho wake wenye asali, na Sista alituona, akacheka.

Lakini alikuwa na sheria. Kila Jumamosi alitufumba macho kwa kitambaa na kutupa jani, tulitaje kwa vidole. Ua ni nguo tu, alituambia, na nguo mtu yeyote anaweza kuvaa; jani ndilo uso. Basi nilijua kwa kugusa kwamba jani la mti wa Rozari lina vijani vidogo vidogo kama manyoya ya kuku, na la tarumbeta limegawanyika vijani kadhaa vilivyopangana viwiliviwili, pembeni vina meno kama msumeno mdogo, na ukilivunja halitoi kitu. Nilikuwa hodari kwa mchezo huo. Pengine mwoga hujifunza kushika vizuri, kwa kuwa anashika kila kitu kwa tahadhari.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo tuliyajua yakiwa na viberiti na chumvi yalianza kujaa sabuni za rangi, kanga mpya, redio, na nguo za mitumba zilizonukia nchi tusizozijua. Watu wazima walicheka zaidi, tena waliogopa zaidi, kwa sababu vitu vingi vilikuja na hakuna aliyejua vimetoka wapi. Mfanyabiashara mmoja alijenga nyumba ya ukuta kando ya barabara na kuleta miche ya maua kwa lori kutoka Mbeya. Akaipanda mstari mmoja ndani ya ukuta, ikakua haraka, na katika mwaka wa pili ikatoa maua ya njano, mapana mdomoni, mithili ya tarumbeta zetu. Watu walisimama barabarani kuyatazama. Mti huo haukuwa na jina kwetu.

Wageni wengine wa miaka ile walikuwa wafugaji waliotoka Usukumani na ng'ombe wao, wakaweka maboma nje ya mji. Mmoja wao, Mama Kulwa, mwanamke mrefu, mama wa mapacha, alileta maziwa Mazwi kila asubuhi kwa kibuyu. Mama yangu alinunua kwake, lakini mlangoni tu, bila kumkaribisha kiti. Walisalimiana kwa Kiswahili, kila mmoja akiwa ameacha lugha yake nyumbani. Majirani walikuwa na maneno kuhusu watu wale. Walisema wanatembea na dawa za ng'ombe ambazo zikimgusa mtu hazimwachi. Mimi niliamini, kama nilivyoamini kila kitu cha kutisha.

Mwaka ule upepo ulikuja mapema, na baridi ikaunguza mti wa tarumbeta hadi ukabaki na maua machache yaliyonyauka. Akina mama wa mapambo waliwatuma wasichana wakubwa kwa mfanyabiashara, naye kwa furaha aliwaruhusu wachume watakavyo. Asubuhi ya sikukuu vikapu vilifika sakristia vimejaa njano tele, bila hata jani moja. Sista alikuwa anapiga pasi kitambaa cha altare. Alitazama, akaona njano, akamshukuru Mungu.

Mdogo wangu Fausta alikuwa mtoto wa maua kwa mara ya kwanza. Alikuwa bado hajaanza shule, ana pengo mbele, na gauni jeupe ambalo Mama alilikata kutoka kwenye shuka. Kabla hatujaondoka nyumbani tulikunywa maziwa ya Mama Kulwa kwa uji wa ulezi. Kisha tukaenda, tukajipanga, kengele ikalia, tukaanza kutembea kinyumenyume. Nilikuwa mstari wa mbele na sikuweza kumwangalia. Nilibusu na kurusha, nikabusu na kurusha. Karibu na soko midomo yangu ilianza kuwasha, na vidole vikawa vinanata. Nikafikiri ni adhabu kwa kuwaza uji badala ya kusali.

Tuliporudi kanisani na baraka kutolewa, Fausta alikuja akaniegemea. Aliniambia tumbo linamsokota na ulimi umekuwa mnene. Nilimwambia avumilie. Njiani kuelekea nyumbani alitapika mara ya kwanza, tena akatapika, halafu akakaa chini katikati ya njia kama mtu aliyechoka kwa safari ya siku nzima, akaanza kusinzia. Baba alimwinua akamwita jina, naye alifumbua macho bila kumtazama yeyote. Alimpandisha Mama nyuma ya baiskeli akiwa amempakata Fausta, akapiga pedali kuelekea hospitali, nami nikakimbia nyuma yao, kikapu changu bado kimening'inia shingoni kwa utepe. Nilipolamba midomo nilisikia ule uchungu, nikajua kwamba chochote kilichompata Fausta na mimi ninacho. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba nikisema, Baba atalazimika kutuhofia wawili.

Dokta alikuwa kijana, mpya mjini. Alishika mkono wa Fausta kwa muda mrefu, akakunja uso, akaweka kipimo kifuani, akakishikilia hapo. Alisema moyo unapiga polepole mno kwa mtoto, tena unarukaruka. Halafu akauliza amekula nini.

Hapo ndipo hofu ilipopata jina. Majirani waliokuwa wametufuata walianza kunong'ona, na kunong'ona kukawa kusema. Maziwa. Asubuhi wamekunywa maziwa ya yule mama wa ng'ombe. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akimsema mtu vibaya, alinyoosha kidole dirishani bila kumlenga mtu na kusema, "Ni yale maziwa. Nimemlisha mwanangu kwa mkono wangu maziwa ya mtu nisiyemjua."

Mama Kulwa alikuwa amekwisha kufika. Mji ulikuwa mdogo na habari zilimkuta sokoni. Alisimama mlangoni na kibuyu chake na fimbo, na watu wakajibanza upande wa pili wa baraza kama mbuzi walioona fisi.

"Wanangu wamekunywa kibuyu hiki hiki," alisema. "Mimi nimekunywa. Kimebaki kidogo humu, nitakunywa mbele yenu."

"Wewe kunywa tu, umeshazoea dawa zako," mwanamke mmoja alimjibu, na wawili watatu wakacheka kicheko kisicho na furaha.

Dokta aliwaomba wanyamaze. Akamgeukia Baba. "Mzee, nisaidie. Kama ni maziwa, nina njia moja. Kama ni kitu kingine nina njia nyingine, na muda hautoshi kujaribu zote. Huyu mtoto ametia nini mdomoni?"

Baba alinitazama. Ninakumbuka macho yake kuliko ninavyokumbuka sauti yake. Nilitazama chini, na chini palikuwa na kikapu changu. Mabaki ya maua yalikuwa yamesinyaa, na kwa mara ya kwanza siku ile niliyaangalia badala ya kuyabusu. Ua la tarumbeta letu lina mistari ya kahawia kooni, myembamba kama uzi. Haya hayakuwa na mistari. Petali za tarumbeta huungana chini na kufunguka sawasawa. Hizi zilikuwa zimepandana na kujisokota, kila moja imelala juu ya mwenzake, kama nguo iliyokamuliwa maji. Nikachimba kwa kidole, nikakuta chini kabisa tunda dogo la kijani, la mviringo, lenye ncha. Mti wa tarumbeta hauna tunda kama hilo. Lake ni ganda refu jembamba kama la maharage.

Nilisema, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika kwa Baba tu, kwamba maua haya si ya kanisani. Nikasema Fausta hunyonya maua, tena matunda kama haya yalikuwa vikapuni mwetu sote.

"Una hakika?" Baba aliuliza.

Sikuwa na hakika. Sikuwa na jani.

Dokta alichukua ua, akaligeuzageuza, akakiri kwamba kwa ua hawezi kujua. Akataka tawi, majani na yote, na akataka haraka. Baba hakuweza kumwacha Fausta. Majirani walitazamana. Nyumba ya mfanyabiashara ilikuwa na mbwa, na mji mzima ulimjua mbwa yule. Ndipo Mama Kulwa alipoweka kibuyu chake sakafuni, karibu kabisa na miguu ya mama yangu, akanishika mkono. "Twende, mwanangu," alisema. "Unionyeshe mti."

Tulipita njia ya maandamano. Hapakuwa na njia nyingine ya mkato. Maua yetu yalikuwa yametapakaa humo, njano juu ya vumbi jekundu, na upepo ulikuwa unayasogeza kidogo kidogo kana kwamba yana uhai. Nilianza kuruka huku na huku nisiyakanyage. Mama Kulwa aliniuliza nina nini, nikamweleza. Hakuwa Mkristo wakati ule. Alisema Mungu aliyepita hapa bila shaka ameona tunakokwenda. Akanivuta, nikakanyaga. Nilikanyaga maua yale yote nikilia, nikingoja ardhi ifunguke, na mkono wake mgumu, uliokuwa unanuka moshi na samli, haukuniachia.

Mlinzi wa getini alituuliza kama tumekuja kuuza maziwa au kuiba kuta. Mama Kulwa alimwamkia vizuri na kumwambia kuna mtoto anakufa. Mlinzi aliacha utani. Mbwa alikuja kwa kasi mpaka mwisho wa mnyororo wake, na mimi nikaganda. Mama Kulwa alisimama kati yangu na yeye, fimbo mbele, akamsemesha kwa lugha yake kama anavyosemesha ndama mkaidi. "Kata," aliniambia bila kugeuka.

Nilifumba macho. Sijui kwa nini, labda kwa hofu, labda kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nikanyoosha mkono, nikashika jani. Lilikuwa moja, halikugawanyika, jembamba, refu kama kisu kidogo, laini pembeni, halina jino hata moja. Nikalivunja. Nilipofumbua macho kidole changu kilikuwa cheupe. Maziwa mazito yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye jani hadi kwenye kiganja.

Mama Kulwa aliyatazama. "Kumbe ndiyo haya," alisema kwa sauti ya chini. "Maziwa ni haya."

Tulirudi mbio, nami nimebeba tawi mbali na mwili wangu kama mtu aliyebeba nyoka. Dokta alipoona utomvu ule na tunda hakuuliza tena. Alisema mti huu ameuona kwao, na sumu yake hushika moyo. Wakamwingiza Fausta ndani, wakamwosha tumbo, wakampa dawa za moyo, na mlango ukafungwa. Muuguzi aliniosha midomo na mikono kwa sabuni hadi ngozi ikauma, akanipima, akaniambia niliyebusu tu nitapona kwa maji. Baba alipanda baiskeli akazunguka nyumba za watoto wote wa maua. Kila mahali alikuta midomo inayowasha, na namshukuru Mungu, hakukuta zaidi ya hapo. Sista alikuja na aproni ya pasi. Alishika lile jani, akalipitisha kwenye vidole vyake, akakaa chini kwenye benchi. Hakucheka tena juma lile.

Tulingoja. Jua likazama nyuma ya milima, baridi ikaingia barazani, Baba akaanzisha Rozari na sisi tukaitikia. Sijawahi kusali vile tena. Kila Salamu Maria niliisikiliza kama hatua ya mtu anayekuja, nisijue anakuja kutuambia nini. Mama alikuwa akikitazama kile kibuyu, ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Mama Kulwa mwenyewe alikuwa ameondoka kimya kuwahi ng'ombe wake.

Asubuhi muuguzi alifungua mlango na kusema mtoto ana njaa, tena anachagua. Tukaingia. Fausta alikuwa mdogo sana kitandani, midomo imepasuka, na sauti imebaki kama uzi. Alitaka maziwa.

Mama alitoka na kibuyu, nami nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi pembeni mwa soko, mahali Mama Kulwa alipozoea kukaa. Siku ile alikuwa peke yake na maziwa yake yote, hakuna mnunuzi aliyesogea. Mama alipiga goti kidogo, kama tunavyowaamkia wakubwa, ingawa walikuwa rika moja. Akaomba ajaziwe. Kisha, kabla ya kuondoka, akiwa amesimama katikati ya watu waliokuwa wametega macho, aliinua kibuyu akanywa taratibu hadi maziwa yakamchirizika kidevuni, akanipa na mimi nikanywa. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Dada, Fausta anakusalimu. Jioni njoo nyumbani, ukae." Na Mama Kulwa akaja, akapewa kiti.

Fausta leo yuko kijijini Kate, analima mahindi na ulezi, ana watoto walionipita urefu, na kila anapokuja mjini mimi humshika mkono kuhesabu mapigo, naye hunicheka. Mama na Mama Kulwa wametangulia. Walizikwa kila mmoja kwa watu wake, na katika misiba yote miwili watoto wa upande wa pili walibeba maji.

Mti ule sasa uko kila mahali Sumbawanga. Umezunguka nyumba za wageni, ofisi, hata vituo vya bodaboda, na vijana wa vitalu huuza miche yake kando ya barabara pamoja na mingine mingi ambayo hatukuwahi kuiota. Ni mti mzuri, siuchukii. Wakati ule vitu vigeni vilikuja kwa lori moja na tukavishangaa kwa mwaka mzima. Sasa vinakuja kila siku na hakuna anayesimama. Mjukuu wangu hupiga picha ya ua kwa simu, simu inamtajia jina, mara nyingine sahihi. Ninafurahi, kwa kuwa sisi hatukuwa hata na jina. Ila bado ninawafundisha watoto wa maua wa parokia, na kabla ya sikukuu huwafumba macho kwa kitambaa, mmoja mmoja, na kuweka jani kiganjani. Wanacheka, wanakisia, wanakosea. Mimi ninayewapa ndiye ambaye moyo wake hudunda. Na maua huja na majani yake hadi sakristia. Siku hizi hatuyapukutishi mahali pengine.

Hofu ya kukanyaga njia ya maua iliniisha siku ile. Hofu ya mtu nisiyemjua iliniisha polepole zaidi, lakini nayo iliisha, kwa kiti kimoja na kibuyu kimoja.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde na uzuri usioujua, akujalie vidole vinavyotambua na watu wa kukushika mkono unapoogopa. Akubariki unapoingia kwako na unapotoka, wewe na wadogo wote wanaokuegemea. Amina.